Kreatinini ikishuka kwenye dayalisisi, usishangilie kabla hujaangalia albumini

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia zenye mgonjwa wa figo kuna meseji inayojirudia sana: majibu ya mwezi yametoka, kreatinini ya mzee ilikuwa 1,200 saivi ni 700, na hapo chini zinafuata amina nyingi na mikono ya kushukuru. Furaha yenyewe inaeleweka kabisa. Mgonjwa aligundulika kwa kreatinini hiyo hiyo, daktari alisema imepanda sana ndo maana tunaanza kusafisha damu, kwa hiyo ikishuka nani asiyeona mambo yanaenda vizuri? Shida ni kwamba mtu akishaingia kwenye dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, kile kipimo kinaanza kusema kitu kingine, na ikiwa inashuka polepole mwezi hadi mwezi bila sababu inayojulikana, mara nyingi hiyo ni habari mbaya na mtu anatakiwa aulize maswali.

Kreatinini inatoka kwenye misuli. Misuli inavyofanya kazi na kujijenga upya inaachia hiyo taka kila siku, figo nzima inaitoa kwenye mkojo. Figo zikifa inabaki kwenye damu mpaka mashine iitoe, afu kati ya kikao kimoja na kingine inajikusanya tena. Kwa hiyo ile namba unayopimwa kabla ya kuunganishwa mashine inategemea vitu vitatu tu vikubwa: una misuli kiasi gani, mashine inakusafisha kiasi gani, na figo zako zimebakiza nguvu kiasi gani. Kama ratiba ya mashine ni ile ile, na mkojo ni ule ule au hata umeisha, halafu kreatinini inateremka, basi kinachopungua ni misuli. Mtu anakonda kwa ndani, na mara nyingi ndugu hawaoni kwa sababu maji yaliyojaa mwilini yanaficha, kilo kwenye mizani zinabaki zile zile huku nyama inaondoka na maji yanachukua nafasi yake.

Kuna watu wawili nawatoa kwenye maneno haya mapema ili nisije nikamtisha mtu bure. Wa kwanza ni yule ambaye figo zake ziliumia ghafla, labda malaria kali, kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, kuharisha mpaka akaishiwa maji, au dawa za kienyeji asizozijua. Huyo kreatinini ikishuka na mkojo unaongezeka, figo zinaweza kuwa zinaamka na inawezekana kabisa akatoka kwenye mashine. Wa pili ni yule aliyeongezewa vikao au muda wa kikao. Hao washukuru, wana sababu. Nawaongelea walio kwenye dayalisisi ya kudumu, miezi na miaka, wenye sukari na presha za muda mrefu, ambao ndo wengi kwenye vitengo vyetu.

Haya mambo siyo mapya hata kidogo. Mwaka 1990 kule Marekani, Edmund Lowrie na Nancy Lew walichukua takwimu za wagonjwa zaidi ya 12,000 waliokuwa wanasafishwa damu na wakaangalia vipimo vya kawaida kabisa vya maabara, vile ambavyo vinafanywa kila mwezi, wakauliza swali moja: kipi kinatabiri nani atakufa? Wenye kreatinini ya chini ndo waliokuwa kwenye hatari kubwa kuliko wenye ya juu. Kolesteroli ya chini vile vile, hatari. Lakini kilichojitokeza kuliko vyote ni albumini, protini inayotengenezwa na ini ambayo mtu akienda maabara wala haiulizii. Miaka mitatu baadaye timu ya William Owen ikatoa kazi nyingine kwenye jarida la New England Journal of Medicine, safari hii wagonjwa 13,473, wakilinganisha vitu viwili: mashine inasafisha kiasi gani na albumini ikoje. Waliokuwa na albumini kati ya 3.0 na 3.4 uwezekano wao wa kufa ulikuwa karibu mara tatu ya wale wenye 4.0 hadi 4.4. Hata wale wa 3.5 hadi 3.9, ambao maabara nyingi zingeandika kwamba wako sawa, uwezekano ulikuwa juu kwa karibu nusu. Upande wa usafishaji, wale ambao urea, taka nyingine ya kwenye damu, ilikuwa inapungua kwa asilimia 55 hadi 59 kwa kikao hatari iliongezeka kwa asilimia kama 28. Yaani kusafishwa vibaya kunaumiza, hilo halina ubishi, lakini albumini ilikuwa inapiga kelele kubwa zaidi.

Kabla sijaendelea, kitu kimoja cha makaratasi. Maabara zetu nyingi zinaandika albumini kwa gramu kwa lita, kwa hiyo 3.5 ya Wamarekani ni 35 kwenye karatasi yako. Usije ukaona 32 ukadhani ni kubwa kuliko 4.

Sasa kwa nini protini moja iseme mambo makubwa hivyo? Watu wengi, na hata baadhi ya wahudumu wa afya, wanaisoma albumini kama kipimo cha chakula tu, imeshuka basi mgonjwa hali vizuri, mwambieni ale. Ni nusu ya ukweli. Ini likipata taarifa kwamba mwili una vita mahali, iwe maambukizi au kidonda au chochote kinachowasha mwili ndani kwa ndani, linapunguza kutengeneza albumini na kuhamia kutengeneza protini za vita, mojawapo ni ile inayopimwa kwa jina la CRP. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa anakula mayai na samaki kila siku na albumini bado inashuka kwa sababu kuna kitu kinamuunguza. Ongeza na mengine: maji yakizidi mwilini yanaizimua albumini inakuwa nyepesi, figo zilizoharibika na sukari zinaweza kuendelea kuimwaga kwenye mkojo kama bado mtu anakojoa, ini lenyewe likiwa bovu haliitengenezi, na kila kikao cha mashine kinaondoka na gramu kadhaa za amino asidi ambazo ndo malighafi. Watafiti wa Sweden, kina Peter Stenvinkel, mwishoni mwa miaka ya 1990 ndo waliounganisha huu mnyororo, utapiamlo, uvimbe wa ndani (huko kuwaka kwa mwili ndani kwa ndani) na mishipa kukakamaa, vitatu vinavutana kwa mgonjwa mmoja. Na ndo maana wagonjwa wa dayalisisi wanakufa sana kwa moyo kuliko kwa figo yenyewe.

Kwa hiyo albumini inakusanya mambo mengi kwenye namba moja, ndo nguvu yake na ndo udhaifu wake pia. Inakwambia kuna tatizo, haikwambii lipi.

Na hapa ndo pana mtego ambao naona kila siku, hata kwa watu waliosoma. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, lakini hakuna aliyewahi kuzuia mvua kwa kufuta mawingu. Kipimo kinaweza kutabiri kifo vizuri kabisa, na bado ukikirekebisha kwa nguvu usimwongezee mgonjwa hata siku moja. Historia ya dayalisisi imejaa mifano na yote imelipiwa kwa maisha ya watu waliokubali kuingia kwenye majaribio, tunawadai heshima ya kusoma walichotufundisha.

Chukua damu yenyewe, HB, kile kipimo cha wingi wa damu. Wagonjwa wenye HB ya chini wanakufa zaidi, kila mtu alijua. Wataalamu wakasema basi tuipandishe mpaka iwe kama ya mtu mzima wa afya, sindano za kuongeza damu zipo. Jaribio lililochapishwa 1998 liliwachukua wagonjwa 1,233 wa dayalisisi wenye ugonjwa wa moyo, nusu wakapandishwa mpaka karibu na kawaida, sawa na HB ya 14 hivi, nusu wakaachwa kwenye kama 10. Lilisimamishwa kabla ya muda wake, kundi lililopandishwa lilikuwa na vifo 183 na lile jingine 150. Siku hizi lengo ni mtu abaki kati ya 10 na 11 na kidogo, na hakuna sababu ya kumchoma mgonjwa sindano nyingi ili afike 13. Kwetu huku shida mara nyingi ni kinyume chake, mtu yuko 6 au 7 na sindano ni ghali au haipo, anaongezewa chupa ya damu. Chupa inaokoa maisha pale inapobidi, ila kama kuna ndugu anajiandaa kumpa figo, kila chupa inaweza kumjengea kinga za kuikataa hiyo figo, kwa hiyo mwambieni daktari mapema kwamba mpango wa kupandikiza upo.

Na HB isiyopanda pamoja na sindano nayo inatabiri mabaya. Sababu ya kwanza ya kutafuta ni upungufu wa madini ya chuma. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma, inaweza kuwa juu, 500 au 600, mtu akasema chuma kipo cha kutosha, kumbe feritini inapandishwa na uvimbe ule ule wa ndani. Jaribio la Uingereza la PIVOTAL la mwaka 2019, wagonjwa 2,141, lilionyesha kwamba kuwapa chuma cha mshipani kwa ukarimu kila mwezi, miligramu 400, mpaka feritini ifike 700 ndo waache, kulikuwa bora kuliko kusubiri mpaka kiishe: matukio makubwa ya moyo na vifo vilipungua kidogo, sindano zilihitajika chache, na kuongezewa damu kulipungua. Hili ni moja ya mambo machache ambayo kufuata namba kumesaidia kweli, na chuma ni dawa ya bei nafuu ukilinganisha na sindano zenyewe.

Kolesteroli nayo? Jaribio la Ujerumani la 2005 kwa wagonjwa 1,255 wenye sukari walio kwenye mashine, na lile la AURORA la 2009 lenye watu 2,776, yote mawili yalishusha kolesteroli mbaya kwa asilimia 40 na kitu, na yote mawili hayakuokoa watu kwa kiasi cha maana. Kama ulikuwa unatumia dawa za kushusha kolesteroli kabla ya kuanza mashine endelea nazo, usiziache kwa kusoma hapa, ila kuanzishiwa upya kisa namba ni jambo la kuuliza. Homosisteini, ambayo nayo ilisifiwa sana kama kiashiria cha moyo, ilishushwa kwa foliki asidi nyingi kwenye utafiti wa Marekani uliotoka 2007 na wagonjwa wakafa vile vile.

Hata dozi ya mashine ina mpaka wake. Utafiti wa HEMO wa mwaka 2002, wagonjwa 1,846, ulijaribu kusafisha zaidi ya kiwango cha kawaida na haukupata tofauti ya vifo iliyo wazi. Lakini usinielewe vibaya, wale wa kundi la kawaida kwenye HEMO walikuwa wanasafishwa vizuri na mara 3 kwa wiki. Hiyo ndo sehemu inayonikera nikiangalia hali yetu, tunachukua kiwango cha mwenzetu na tunasahau ratiba ya mwenzetu.

Hebu tukiangalie hiki kipimo cha usafishaji kwa karibu, maana kinadanganya kirahisi. Unapima urea kabla ya mashine na baada. Ilikuwa 25, ikawa 8, imepungua 17, gawanya kwa 25 unapata asilimia 68, na lengo ni angalau 65. Nzuri. Sasa ile damu ya mwisho ilichukuliwaje? Inavyotakiwa, kikao kikiisha nesi anapunguza kasi ya pampu mpaka mililita 100 kwa dakika, anasubiri sekunde 15, ndo anachukua damu kwenye mrija unaotoka kwa mgonjwa kwenda kwenye mashine. Kama pampu inazunguka kwa kasi ile ile, na hasa kama fistula (mshipa wa mkononi ulioungwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine) au katheta (mrija unaowekwa kwenye mshipa mkubwa, mara nyingi shingoni) ina tatizo, sehemu ya damu iliyokwisha safishwa inarudi kuingia kwenye mrija huo huo, unapima damu safi ukidhani ni ya mgonjwa, na karatasi inatoka na asilimia 75 nzuri sana ambayo haipo. Manesi wengi wanalijua hili vizuri kabisa, ila zamu ikiwa na wagonjwa wanaosubiri viti mlangoni hizo sekunde 15 ndo za kwanza kurukwa.

Halafu asilimia 68 ya mara 2 kwa wiki haiwezi kuwa sawa na asilimia 68 ya mara 3. Kenya mfuko wa bima ya afya wa NHIF ulivyoanza kulipia dayalisisi kwa upana mwaka 2015 ulikuwa unalipa vikao 2 kwa wiki, shilingi 9,500 kila kimoja, na iliokoa watu wengi sana ambao wangekufa nyumbani. Tanzania pia wapo wanaosafishwa mara 2, na asiye na bima anaenda pesa ikipatikana. Mgonjwa wa Jumatatu na Alhamisi ana pengo la siku 3 na pengo la siku 4. Wamarekani, ambao pengo lao refu ni siku 3, yaani Ijumaa mpaka Jumatatu na siku 2 kamili katikati bila mashine, walihesabu watu 32,065 kwenye utafiti uliotoka 2011 wakakuta siku ya baada ya pengo hilo vifo ni 22.1 kwa kila watu 100 kwa mwaka, siku nyingine 18.0. Sababu kubwa zinazotajwa ni maji kujaa na potasiamu kupanda mpaka moyo unasimama. Kama pengo lao fupi linaua, letu tusilichukulie kama jambo dogo.

Kwa hiyo potasiamu inayopimwa Alhamisi asubuhi haikuonyeshi potasiamu ya Jumatatu asubuhi. Omba angalau mara moja moja ipimwe baada ya pengo refu. Na ikija juu kupita kiasi kwa mtu ambaye hana dalili wala mabadiliko kwenye kipimo cha umeme wa moyo, irudiwe haraka, kwa sababu damu ikivunjika kwenye sindano au ikikaa muda mrefu kabla ya kufika maabara, chembe zinapasuka na kumwaga potasiamu yao kwenye chupa. Irudiwe siyo ipuuzwe, hapo naomba tuelewane.

Kuna kiashiria kimoja ambacho siyo cha damu na ni cha bure, mkojo. Mgonjwa wa mara 2 kwa wiki ambaye bado anakojoa anaweza kuwa salama kabisa na ratiba hiyo, asiyekojoa hata tone yuko kwenye hatari nyingine. Kwa wagonjwa wanaosafishwa kwa njia ya tumbo, uchambuzi mpya wa utafiti wa Canada na Marekani uliotoka 2001 ulikuta kila mililita 250 za mkojo kwa siku ziliambatana na hatari ya kifo kupungua kwa asilimia 36. Mililita 250 ni kikombe kimoja cha chai. Lakini ni mara ngapi mgonjwa anaulizwa unakojoa kiasi gani na ikaandikwa? Afu mtu huyo huyo anaenda duka la dawa ananunua diklofenaki ya mgongo, ambayo inamalizia hicho kikombe.

Turudi kwenye albumini, imeshuka kutoka 38 hadi 33 ndani ya miezi mitatu, unafanyaje. Mi naona mpangilio uwe hivi. Kwanza hakikisha ni ile ile maabara, kwa sababu zinatumia rangi tofauti kupima, kuna rangi ya bromokresoli ya kijani na kuna ya zambarau, na ya kijani inaweza kusoma juu kwa karibu gramu 5 kwa lita kwa damu ile ile. Ukibadilisha maabara katikati umejipa hofu ya bure au umejipa faraja ya uongo. Albumini inakaa kwenye damu wiki kadhaa, kwa hiyo kushuka kwa mwezi mmoja ni cha kuangalia na kushuka kwa miezi miwili mitatu ni cha kuchukulia hatua.

Kisha tafuta moto unapowaka. Anza na katheta ya shingoni, wengi kwetu wanakaa nayo muda mrefu kwa sababu fistula haijatengenezwa au pesa ya upasuaji haijapatikana, na kila mwezi inaokaa ni mwezi wa hatari ya maambukizi. Homa na kutetemeka mashine ikianza ni katheta mpaka ithibitike vinginevyo. Angalia miguu ya mwenye sukari, katikati ya vidole, vua soksi. Angalia meno na fizi, watu wanaacha kabisa kwenda kwa daktari wa meno wakishaanza dayalisisi na kinywa kibovu kinawasha mwili mzima. Na kwetu Afrika Mashariki lazima niseme TB, kwa nguvu, kwa sababu mgonjwa wa dayalisisi anaipata kirahisi kuliko mtu wa kawaida na mara nyingi haiji kwa kikohozi, inakaa kwenye tezi, kwenye utando wa mapafu au tumboni, na kinachoonekana ni mtu hana hamu ya kula, anatoka jasho usiku, anapungua, albumini inashuka. Anaambiwa ni figo. Inaandikwa figo. Na TB inatibika.

Chakula ndo kinafuata, na hapa kuna mkanganyiko ambao umeumiza watu wengi. Kabla ya mashine mgonjwa anaambiwa apunguze protini ili figo zisichoke. Akianza mashine ushauri unageuka kabisa, miongozo ya Marekani ya 2020 inasema gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72, na yai moja lina kama 6 tu. Wengi hawaambiwi kwamba ushauri umegeuka, au wanaambiwa mara moja siku ambayo wanaumwa sana hawasikii, kwa hiyo miaka miwili ndani ya dayalisisi mama bado anakula wali mweupe na kabichi, nyama anaiogopa, na familia nzima inamlinda na kuku kwa upendo kabisa. Mayai hasa ule weupe, samaki, kuku, hivyo ndo vya kwanza. Maharage siyo sumu, loweka, chemsha, mwaga maji, chemsha tena, kula kiasi. Dagaa wanaoliwa na mifupa wana fosforasi nyingi, madini yanayojikusanya kwenye damu figo zikifa, na soda nyeusi na soseji zina fosforasi ya kuongezwa kiwandani ambayo inaingia mwilini karibu yote, hizo ndo za kukata kabla ya kumnyang'anya mtu samaki. Anayepata fosforasi nzuri kwa sababu hali chochote hajafaulu kitu, fosforasi ya chini pamoja na urea ya chini na kreatinini ya chini ni picha ya mtu mwenye njaa.

Je, ukimlisha anaishi zaidi? Wafaransa walijaribu, matokeo yakatoka 2007, wagonjwa 186 wenye utapiamlo, wote wakapewa virutubisho vya kunywa, nusu wakaongezewa na lishe ya mshipani wakati wa mashine. Ya mshipani haikuongeza chochote cha ziada. Ila wale ambao prialbumini yao, ndugu wa albumini anayebadilika haraka, ilipanda vizuri ndani ya miezi mitatu, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa zaidi ya nusu. Mdomo unatosha basi, kwa anayeweza kula, na anayeitikia chakula ana hali tofauti na asiyeitikia. Asiyeitikia rudi kutafuta moto.

Kuna vipimo vipya vizuri vya damu, FGF23, IL-6, troponini (ile inayopimwa mtu akishukiwa mshtuko wa moyo), na watafiti wanavifanyia kazi kubwa. Troponini T Marekani iliruhusiwa 2004 kutumika kupima hatari kwa wagonjwa wa figo, na inafaa ndugu wajue kwamba kwa mgonjwa wa dayalisisi inaweza kuwa juu kila siku bila mshtuko wa moyo, kwa hiyo mtu akifika dharura na maumivu ya kifua isipimwe mara moja, ipimwe mbili kwa kupishana masaa waone kama inapanda. Hayo mengine, kwa kitengo ambacho mgonjwa anapimwa albumini mara moja kwa nusu mwaka kwa sababu bima haikubali au ndugu hawana hela, naona tuyaache kwanza. Kilichotabiri vifo mwaka 1990 ni kipimo cha bei ya chini ambacho hospitali nyingi za mikoa zinaweza kukifanya. HB, potasiamu, urea kabla na baada, albumini na fosforasi kila mwezi, chuma kila miezi mitatu, CRP pale albumini inaposhuka. Mifuko ya bima inayolipia vikao inapaswa kulipia na hivi ndani ya kifurushi hicho hicho, kwa sababu kulipia mashine bila kulipia kujua kama mashine inamsaidia mtu ni kulipa nusu ya tiba.

Na majibu apewe mgonjwa mwenyewe. Nimeona faili kwenye kitengo kimoja albumini imeshuka 39, 36, 34, 31, karatasi nne zimebanwa pamoja kwa mpangilio, kila moja imesainiwa, na hakuna aliyeziweka kwenye mstari mmoja akaziona. Daftari la shilingi elfu moja lingetosha. Chora jedwali, tarehe huku, vipimo kule, nenda nalo kila mwezi, mwombe nesi akusomee namba uandike, na ukiona albumini imeteremka mara mbili mfululizo muulize daktari swali hili kwa heshima na usiondoke bila jibu: daktari, ni chakula, ni maji, au kuna sehemu pana maambukizi?